Dirii za askari wa Kirumi: maswali yanayoulizwa sana kuhusu kuzitengeneza na kuzilinganisha

Maswali haya yanarudi kila siku, wanauliza vijana wanaopenda historia, watu wa maigizo ya Pasaka wanaotafuta mavazi ya askari, na mafundi vyuma ambao wanataka tu kujua wenzao wa zamani walifanyaje, kwahiyo nimeyakusanya hapa. Msimamo wangu nautoa mapema ili usisome ukijiuliza niko upande gani. Dirii ya pete ndo iliyobeba jeshi la Roma kwa karibu miaka 700, na ile ya mabamba ni kazi nzuri mno ya ufundi lakini ilidumu kama miaka 300 tu na haikuwahi kuiondoa ile ya pete kazini.

Kuna aina ngapi hasa?

Kubwa ni tatu, nyingine ni za pembeni. Ya kwanza ni hamata, dirii ya pete ndogo ndogo za chuma zilizoshikana kama fulana. Ya pili ni squamata, ya magamba ya shaba au chuma yaliyopangwa yanalaliana. Ya tatu ndo hii maarufu, segmentata, ya mabamba mapana ya chuma yanayozunguka kifua na tumbo na mengine yanapanda begani. Jina hilo la segmentata lilitungwa na wasomi karne ya 16, sio la Warumi wenyewe. Alafu kuna dirii ya misuli ya maofisa na wafalme, na kuna mchanganyiko unaoitwa plumata, ambao ni vigamba vidogo sana juu ya pete, kitu cha gharama kweli kweli.

Kabla ya hizo kuenea askari wengi hawakuwa na dirii kamili. Polybius, Mgiriki aliyeandika karne ya 2 KK, anasema askari wa kawaida alivaa kipande cha shaba cha mraba kifuani, upana wake kama shubiri moja, na wale tu ambao mali yao ilizidi drakma 10,000 ndo walivaa ya pete. Shubiri moja! Yani unalinda moyo, kwingine kote unategemea ngao, na wakati ule ngao yao ilikuwa kubwa kwelikweli kwahiyo mtu hakuwa uchi kama inavyosikika.

Mbona kwenye filamu wote wamevaa ya mabamba?

Kwa sababu ya nguzo ya mfalme Trajan pale Roma. Ilimalizika mwaka 113, imechongwa vita vyake na Wadakia, watu wa Romania ya leo, kuanzia chini mpaka juu, na mchongaji alitaka mtazamaji aliyesimama chini atofautishe askari haraka, kwahiyo askari wa lejioni, ambao ni raia wa Roma, akawavika mabamba, na askari wasaidizi waliotoka mikoani akawavika pete. Watengeneza filamu wamechukua hapo na wakabaki hapo hapo.

Sasa nenda Adamclisi, Romania ya leo, kuna mnara mwingine wa vita hivyo hivyo, wa mwaka 109, uliojengwa huko huko vitani. Pale askari wa lejioni wamevaa pete na magamba, hakuna mabamba kabisa, na wengine mkono wa kulia umefunikwa vipande vya chuma kuanzia begani mpaka kiganjani. Sababu ya ule mkono inajulikana, Wadakia walikuwa na silaha yenye makali kwa ndani, imepinda kama mundu mkubwa, ukinyoosha mkono na upanga wako wanaukata. Mimi nikiambiwa nichague nimwamini nani kuhusu mavazi ya askari wa mpakani, nachagua Adamclisi, ingawa uchongaji wake ni wa kienyeji na sio mzuri kama wa Roma. Mabamba yalikuwepo, na sio Roma tu, vipande vyake vimechimbwa kwenye kambi nyingi kuanzia Uingereza mpaka Mashariki ya Kati. Ila kikosi kimoja ungeweza kukuta vyote vitatu vimechanganyika, huyu pete, yule mabamba, na huyo jirani yao magamba.

Dirii ya pete ilitengenezwaje?

Hapa nitakaa kidogo maana ndo kazi yenyewe. Varro, msomi wa Kirumi, aliwapa Wagali sifa ya hiyo fulana ya pete za chuma, na wataalamu wa leo wanakubaliana kwamba ilianzia kwa Wakelti, jamii ambayo Wagali walikuwa sehemu yake, Warumi wakaichukua.

Unaanza na waya wa chuma mwembamba, kama milimita 1 hivi. Unauzungusha kwenye fimbo ya chuma mpaka inakuwa springi ndefu, alafu unaikata upande mmoja kwa tindo, zinadondoka pete zilizo wazi. Kila pete unaibana ncha zake zipandane kidogo, unaigonga pale zilipopandana mpaka ibonyee iwe bapa, unatoboa katundu kadogo sana katikati ya hiyo bapa, unapitisha kiribiti cha waya ambacho ukikiangusha chini hukipati tena, alafu unakigonga kichwa kifunge. Hiyo ni pete moja.

Warumi walikuwa na akili ya kupunguza kazi. Safu moja ya pete walitumia za ribiti, safu inayofuata walitumia pete nzima zisizo na kiungo, zilizotobolewa moja kwa moja kutoka kwenye bamba la chuma. Kila pete inashika wenzake wanne, wawili juu wawili chini, kwahiyo ukipanga safu ya pete nzima, safu ya ribiti, safu ya pete nzima, unakuta nusu ya pete zako hazihitaji ribiti kabisa na bado hakuna sehemu inayofunguka.

Piga hesabu mwenyewe. Dirii moja ilikula pete 30,000 na kuendelea kutegemea ukubwa wa pete na wa mtu. Nusu yake ni 15,000 za ribiti, ukimpa fundi dakika moja tu kwa kila ribiti, na hiyo ni fundi aliyezoea, hizo ni saa 250 za kupiga ribiti peke yake, hujavuta waya, hujakata pete, hujaunga mabega. Ndo maana dirii hizi zilirithiwa, ziliuzwa tena, zilikarabatiwa, na mtu hakuitupa kwa sababu imetoboka, alitoa pete mbovu akaweka nyingine.

Mabegani waliongeza tabaka la pili, kama mbawa mbili zinazotoka mgongoni zinakuja mbele, zinafungwa kifuani kwa ndoano mbili zilizopinda kama herufi S. Ndoano moja iliyookotwa Kalkriese, Ujerumani, kwenye uwanja wa vita vya mwaka 9 BK ambavyo lejioni tatu za jenerali Varus ziliangamia, ina jina la mwenyewe limekwaruzwa juu yake, Marcus Aius, wa kikosi cha akida Fabricius. Mimi kale kandoano kananigusa kuliko sanamu zote za wafalme.

Naweza kutengeneza ya pete bila ribiti, nikazibana tu na koleo?

Ya maonyesho unaweza, na wengi wanafanya hivo, unanunua waya, koleo mbili, unazungusha, unakata, unaunganisha mbele ya TV. Lakini usiite hiyo dirii ya Kirumi. Pete iliyobanwa tu inafunguka ikivutwa, uzito wa dirii yenyewe unatosha kufungua pete za kwapani ukikaa nayo siku nzima, na ncha ya mkuki ikiingia ndo kabisa. Ya ribiti lazima chuma chenyewe kikatike kwanza.

Kama unataka kuonja ufundi halisi anza na kipande cha ukubwa wa kiganja, pete nzima nunua washa ndogo zilizo tayari, zile za ribiti tengeneza mwenyewe. Na waya uupashe moto kwanza uwe mwekundu uuache upoe taratibu, la sivyo ukigonga kuubonyeza unapasuka. Ila usipashe moto waya wa mabati wenye zinki, ule moshi wake ni sumu, tafuta waya mweusi ule wa kufungia nondo.

Na hii ya mabamba, mbona inaonekana ngumu sana?

Kushangaza ni kwamba kwa fundi ni rahisi kuliko ya pete. Saa za kazi ni chache mno ukilinganisha. Ni mabamba ya chuma laini, unene wake mara nyingi kama milimita 1 au pungufu, yamekatwa, yamekunjwa kufuata mwili, na yameunganishwa kwa ribiti kwenye mikanda ya ngozi kwa ndani. Ugumu uko kwenye vile vitu vidogo vya kuunganishia, bawaba, bizimu za mikanda, ndoano na vitanzi, ambavyo vilikuwa vya shaba ya njano yenye zinki, ile ile jamii ya madini waliyofulia sarafu zao za sestertius.

Kuna vizazi vyake ambavyo wachimbaji wamevipa majina ya mahali vilikopatikana. Kizazi cha kwanza ni Kalkriese, kilikuwepo tayari enzi za mfalme Augustus. Mwaka 2018 pale pale Kalkriese walipata dirii ya mabamba karibu nzima ndani ya donge la udongo, wakaipiga picha za mionzi kabla ya kuigusa, na shingoni ikakutwa pingu ya chuma, ile ambayo Warumi walimfunga mateka shingo na mikono pamoja. Inaelekea aliyeivaa alitekwa na kufungwa pingu za jeshi lake mwenyewe.

Cha pili ni Corbridge, cha tatu ni Newstead, na kuna mchongo mmoja kutoka Alba Iulia, Romania, unaoonyesha mabega ya magamba juu na mabamba tumboni.

Corbridge na Newstead zinatofautianaje?

Corbridge ina vipande vingi na bawaba nyingi. Begani peke yake kuna bamba kubwa la vipande vitatu vinavyounganishwa na bawaba, na bawaba zenyewe ni nyembamba, zinavunjika. Kambi za Kirumi zimejaa bawaba hizo zilizovunjika, unakuta makumbusho ina droo nzima. Ndani ya Corbridge yenyewe kuna A na B, tofauti kubwa ni kwamba A inaunganisha sehemu ya juu na ya tumbo kwa mikanda na bizimu, B inatumia ndoano tu, na mtu akiwa na haraka asubuhi ndoano ni bora.

Newstead ilikuja kurahisisha. Mabamba ya kifua yakawa makubwa zaidi, vishikizo vikapungua na vikawa imara, badala ya mkanda na bizimu kifuani kuna kipini kinapita kwenye tundu na unakizungusha kinajifunga. Kwa macho ya fundi Newstead ndo bora kuliko zote za mabamba, unaona kabisa kwamba mtu aliyeichora alichoshwa na kukarabati bawaba.

Mabamba yalishonwa kwenye koti la ngozi?

Hapana. Hiyo ilikuwa imani ya zamani, watu waliangalia nguzo ya Trajan wakaona mikanda inazunguka mwili wakadhani lazima kuna koti ndani, hata mabamba ya Newstead, ambayo James Curle aliyachimba Scotland mwanzoni mwa karne ya 20, yalikaa miaka mingi bila mtu kuyaelewa vizuri.

Kilichobadilisha ni sanduku. Mwaka 1964 pale Corbridge, kaskazini mwa Uingereza karibu na ukuta wa Hadrian, walifukua sanduku la mbao lililozikwa karne ya 2, ndani kuna sehemu za dirii kadhaa za mabamba, mikuki imefungwa pamoja, zana, misumari na vitu vingine. Chuma kilioza lakini kutu ikahifadhi alama za ngozi na nguo zilizokuwa zimegusana nacho, ribiti zikabaki mahali pake, na H. Russell Robinson, mtaalamu wa dirii, akaweza kuiunda upya ikavalika na ikakunjika. Ndo ikajulikana kwamba mabamba yananing'inia kwenye mikanda ya ngozi ya ndani, kila upande mistari mitatu, mmoja mgongoni, mmoja ubavuni, mmoja mbele. Dirii nzima ina sehemu nne, mabega mawili na nusu mbili za tumbo, ukiivua inajikunja yenyewe inaingia sandukuni.

Utamu wenyewe uko hapo kwenye mikanda. Kila bamba la juu linafunika kidogo lile la chini yake, ukiinama yanaingiana, ukinyooka yanafunguka. Ukifunga mkanda wa ngozi umelegea sana mabamba yanaachana unaona shati katikati, ukiubana sana mtu hawezi kuinama kuokota kitu. Njia nzuri ni kupiga ribiti ukiwa umeining'iniza nusu nzima wima, mabamba yakae kwa uzito wao, sio kuilaza mezani. Na tumia ngozi iliyovutwa kwanza, ngozi mpya ikibeba chuma wiki moja inarefuka na vipimo vyako vyote vinaharibika.

Ya magamba ikoje?

Kila gamba ni kabamba kadogo, mengi urefu wake sentimita 2 au 3 hivi, nyembamba kuliko milimita 1, lina matundu pembeni na juu. Unayaunganisha safu kwa waya kupitia matundu ya pembeni, alafu safu nzima unaishona kwenye kitambaa au ngozi. Kipande kilichopatikana Carpow, Scotland, bado kina kitani chake nyuma, kitu cha nadra sana.

Kuitengeneza haihitaji fundi bingwa, ukiwa na patasi ya kukatia na mtu mwenye subira unatoa magamba hata mia kadhaa, na ni nzuri kwa macho, wengine walipaka bati gamba moja na kuacha shaba lingine ili zing'ae tofauti. Ndo maana washika bendera na maakida waliipenda. Tatizo lake ni moja na ni baya, pigo la kutoka chini kwenda juu linaingia katikati ya magamba, na mtu wa miguu akimchoma aliyeko juu ya farasi anachoma hivo hivo. Tatizo jingine ni uzi, ukikatika sehemu moja safu inalegea. Karne ya 2 wakaja na magamba yaliyofungwa pande zote nne kwa waya, hayainuki tena, ila na wewe hukunji mgongo vizuri.

Ipi nzito?

Ya pete kwa kawaida ni kilo 10 mpaka 15, kutegemea urefu na ukubwa wa pete. Ya mabamba, zile zilizoundwa upya, nyingi zinacheza kwenye kilo 9 hivi, na unene wa bamba ukibadilika kidogo tu uzito unaruka. Ya magamba iko katikati, inategemea vipimo.

Lakini kilo sio hadithi yote. Ya pete uzito wote uko begani mpaka ufunge mkanda kiunoni kwa nguvu, hapo kiuno kinabeba sehemu yake na unashangaa imepungua ghafla. Ya mabamba mkanda hausaidii sana, inakaa begani, kwahiyo isipokuwa na kitu laini chini yake makali ya bamba yanakula mtulinga ndani ya saa moja.

Ipi inalinda zaidi?

Dhidi ya pigo la upanga kutoka juu, mabamba. Bamba linatawanya nguvu, pete zinazuia makali yasikate lakini mfupa unaweza kuvunjika chini yake bila ngozi kuchanika. Dhidi ya mchomo wa ncha nyembamba pia mabamba yana nafuu, ncha inateleza.

Ila pete inafunika mwili zaidi. Kwapani, nyonga, sehemu ya juu ya paja, ya mabamba inaishia kiunoni na mapaja yako wazi. Na hakuna dirii iliyokuwa mlango wa benki. Plutarch, mwandishi Mgiriki, anaeleza vita vya Carrhae mwaka 53 KK, mishale ya Waparthi ilipita ngao na dirii za jeshi la Crassus, jenerali wa Kirumi, hiyo ni pinde za nguvu kwa saa nyingi bila kupumzika.

Pia kuna upande wa kujilinda kupita kiasi. Tacitus, mwanahistoria wa Kirumi, anasimulia mwaka 69 jinsi wapanda farasi wa Kisarmatia waliovaa chuma na ngozi ngumu walivyoteleza kwenye theluji inayoyeyuka, na akianguka mmoja hainuki tena kwa uzito, askari wa Roma wakawamaliza chini. Kuweza kuamka ukianguka, nalo ni sehemu ya ulinzi.

Chini ya dirii walivaa nini?

Vazi la kitambaa kinene au sufu iliyogandamizwa. Mwandishi mmoja wa karne ya 4 ambaye jina lake halikuhifadhiwa anaeleza vazi la namna hiyo la sufu nzito, na juu yake anashauri la ngozi za Libya, ili sufu isinyonye maji ya mvua ikawa mzigo. Ni ushauri wa mtu aliyewahi kulowana. Ukitengeneza dirii leo ukaruka hili vazi la ndani umeacha nusu ya kazi, vipimo vyote vya dirii vipimwe mtu akiwa amelivaa.

Ile ya misuli ya wafalme ni ya chuma au ngozi?

Sanamu ni nyingi, maarufu kuliko zote ni ya Augustus wa Prima Porta iliyoko Vatican, dirii imejaa michongo ya Waparthi wakirudisha bendera. Italia ya kabla ya himaya kuna za shaba halisi zimechimbwa makaburini, za Waetruski na majirani zao. Kwahiyo shaba iliwezekana kabisa. Zile za ngozi nyembamba za kwenye maigizo zinakunjika tumboni mtu akikaa, hiyo haizuii hata kisu cha jikoni.

Ngozi ya kweli ninayoijua kutoka himaya ni ya mamba. Iko British Museum, ilitoka Manfalut, Misri, karne ya 3 hivi, ni vazi zima na kofia yake, ngozi ya mamba na magamba yake mgongoni. Watafiti wanaihusisha na ibada za mamba za Misri zaidi kuliko vita.

Askari alipewa bure?

Alikatwa kwenye mshahara. Mwaka 14, Augustus alipofariki, askari wa Danubi waligoma, na kwenye malalamiko ambayo Tacitus ameyaandika mojawapo ni kwamba kutoka kwenye ujira wao mdogo wanalipia nguo, silaha na mahema. Ndo maana ya yale majina yaliyokwaruzwa. Kitu chako umekilipia, ukikiacha kambini bila jina kitaondoka.

Baadaye serikali ikachukua uzalishaji. Kwenye orodha ya ofisi za himaya ya kama mwaka 400 kuna viwanda vya silaha mikoa mingi, Mantua kwa mfano ni kiwanda cha dirii. Sheria ya mwaka 398 iliagiza wafanyakazi wa viwanda hivyo wapigwe chapa mkononi ili wakitoroka wajulikane. Tukisifia ufundi tuwakumbuke na hao.

Askari wa enzi za Yesu walivaa ipi? Na dirii ya haki ya Waefeso 6 ni ipi?

Hili linaulizwa kuliko yote. Yudea kabla ya uasi wa mwaka 66 haikuwa na lejioni iliyokaa pale, gavana alikuwa na askari wasaidizi, wengi wao waliandikishwa maeneo ya karibu. Lejioni zilikuwa Siria. Kwahiyo askari wa Pilato ukimvika mabamba yanayong'aa unambandikia vazi ambalo hakuwa nalo kwa uwezekano mkubwa, mvike ya pete, au kanzu fupi na mkanda na upanga kama yuko zamu mjini. Mabamba yalifika huko na vita, vishikizo vyake vimechimbwa Gamla, mji uliozingirwa na Warumi mwaka 67, na Masada wamepata magamba.

Kuhusu Waefeso, neno la Kigiriki pale linabeba dirii yoyote ya kifua, na msomaji wa Efeso angewaza ile aliyozoea kuiona. Paulo kule Roma, Matendo 28 inasema alikaa na askari mmoja wa kumlinda, alikuwa na muda wa kutosha kuangalia vazi la yule mtu.

Tunaandaa igizo la Pasaka, hela ni ndogo, tufanyeje?

Kama mnataka ya pete kwa bei ndogo, watu hufuma kwa uzi mnene alafu wanapaka rangi ya fedha, kwa mbali inakubali na mtoto anaweza kuvaa bila kuchoka. Mkiamua mabamba, kwa sababu waumini wameshazoea kuona hivo, chukueni shiti ya alumini ya milimita 1, ni nyepesi na haina kutu. Kateni vipande upana wa sentimita 6 hivi, urefu ni nusu ya mzunguko wa tumbo la mvaaji akiwa amevaa shati nene, vipande 7 kila upande. Vikunjeni juu ya bomba kubwa la maji, sio juu ya goti. Kingo zote pigeni tupa na pembe zizungushwe, hili msiliruke hata kidogo, alumini mbichi inakata mtu, na kwenye tukio la kumwangusha Yesu njiani askari wanainama na kushikana sana. Ngozi za ndani fundi viatu anazo, ribiti pia anazo. Mbele fungeni kwa kamba ya ngozi kupitia vitanzi, maana ndo walivyofunga kweli.

Akida msimfananishe na wengine, mvike magamba au pete na medali kifuani kama kwenye jiwe la kumbukumbu la Marcus Caelius lililoko Bonn, yule aliyekufa vitani na Varus.

Kwanini ya mabamba ilipotea?

Karne ya 3 mwishoni haionekani tena. Himaya ilikuwa kwenye vurugu, wafalme wanauawa mmoja baada ya mwingine, askari wa farasi wanaongezeka, kambi kubwa zenye karakana zinavunjika vunjika. Dirii ya mabamba inapimwa kwa mtu na inahitaji vipuri, ya pete inamvaa mnene na mwembamba, na anayejua kufunga pete anaikarabati popote pale. Kiongozi wa kikosi mwenye watu wanaokuja na kuondoka atachagua ya pete tu. Vegetius, mwandishi wa Kirumi wa mambo ya vita, analalamika kwamba kuanzia enzi za mfalme Gratian, yani baada ya mwaka 367, askari wa miguu waliomba kuvua hata hizo wakidai ni nzito, lakini ya pete yenyewe iliendelea kuvaliwa Ulaya na Mashariki miaka mingi sana baada ya Roma ya magharibi kuanguka.

Nikisafiri, niende wapi kuziona?

Kama uko Uingereza, Corbridge kuna makumbusho pale pale kwenye magofu, na za Newstead ziko makumbusho ya taifa ya Scotland, Edinburgh. Ujerumani nenda Kalkriese, wana makumbusho kwenye uwanja wenyewe wa vita. Roma nguzo ya Trajan unaiangalia ukiwa barabarani bila kulipa, ila michongo ya juu beba darubini, kwa macho matupu huioni. Na ukifika mahali wanapouza dirii mpya kwa wapenzi wa historia, ishike ya pete, igeuze ndani nje, tafuta kama kuna kichwa cha ribiti kwenye pete, usipokiona usitoe hela.